Mgonjwa Aliyetembelewa Mara Tano

Mbunge alikuwa amewaka kwelikweli. Dakika nane nzima anamrushia waziri maneno: kwamba wazee wanaozea vitandani humu humu mijini, kwamba zahanati zipo lakini aliye hoi ndiye asiyeweza kuzifuata, kwamba mwaka huu atashika shilingi ya mshahara wa waziri na haiachii mpaka apewe maelezo ya kueleweka. Mektilda aliacha kuhesabu masufuria, akasogea kwenye redio mkono kiunoni, moyoni anasema leo kapatikana mtu wa kutusemea. Kengele ikalia. Mbunge akashusha pumzi, akasema, "Mheshimiwa Spika, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja mia kwa mia."

"Kaunga nini?" Mektilda akamuuliza Badriya, jirani yake wa duka la mabaibui, aliyekuwa amekaa kibarazani anapepea na kipande cha boksi.

"Hoja ya waziri."

"Si ndiye aliyekuwa anamsema sasa hivi?"

"Ndiyo huyo huyo, Mama Karo. Bungeni unamsema mtu mpaka anatoka jasho, halafu unamuunga mkono, halafu unakaa."

"Na ile shilingi?"

"Atairudisha jioni. Huwa wanarudisha."

Mektilda alirudi kwenye masufuria yake, hesabu imeshapotea. Akaanza moja.

Nisikuache njiani wakati ndiyo kwanza tunaondoka. Mektilda huyu ni mama wa miaka hamsini na sita, mzaliwa wa Kibosho, Kilimanjaro, na duka lake la jumla la vyombo lipo Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Wateja wanamwita Mama Karo, kwa jina la binti yake Caroline aliyeolewa Mwanza. Alikuja Dar akiwa bibi harusi wa miaka ishirini, kumfuata mumewe Tarsis, ambaye siku hizo alikuwa anatembeza soksi na leso mkononi. Kutoka soksi wakaenda kwenye vikombe, kutoka vikombe wakaenda kwenye masufuria na chupa za chai, na njiani humo wakapigwa na mgambo, wakaibiwa, wakaungua mara moja, wakaanza tena. Ni mwanamke wa maneno machache na hatua nyingi. Anakutajia bei bila kuinua kichwa. Ukiomba punguzo anainua kichwa, ndiyo maana wengi hawaombi.

Yeye na Tarsis wanakaa ghorofa ya tatu, juu ya duka lao. Zamani pale palikuwa na nyumba ya Kiswahili, mwenyewe akaibomoa akasimamisha jengo, na vyumba vilivyokusudiwa watu vikageuka stoo kimoja baada ya kingine, maana stoo hailalamiki maji yakikatika. Leo jengo zima, binadamu wanaolala mle ni Mektilda, Tarsis na mlinzi wa getini. Waliobaki ni marobota ya vitenge, maboksi ya feni na magunia ya kandambili, mpaka kwenye ngazi. Ngazi zenyewe ni sitini na mbili. Mektilda anazijua idadi kwa sababu tangu Septemba anazipanda kila baada ya saa mbili.

Septemba ndiyo Tarsis alianguka, asubuhi, kikombe cha chai mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa, na maneno yakaenda nao. Hospitali walikaa naye wiki tatu, wakamrudisha na karatasi iliyoandikwa mazoezi ya viungo, kugeuzwa kitandani, kuangaliwa ngozi. Kufika Machi kidonda kikatokea chini ya kiuno. Kilianza kama baka tu jeusi, na Mei hii tunayoisimulia kilikuwa kinaingia kidole gumba. Kumpeleka kliniki ni kuita makuli wanne, wamkalishe kwenye kiti cha plastiki, wamfunge kanga mbili, wamshushe katikati ya maboksi huku wanapiga kelele pisha, pisha. Safari ya mwisho kuli mmoja aliteleza. Tarsis alifumba macho, machozi yakamtoka, na Mektilda akaapa mume wake hashushwi tena namna ile.

Wasaidizi aliwatafuta, usimwone mzembe. Wa kwanza alikaa mwezi mmoja akaolewa. Wa pili alikaa siku tisa, akasema yeye hawezi kushinda kule juu na maboksi na mtu asiyesema.

Na kila Jumapili baada ya misa, simu inaita kutoka Kibosho. Ni Klara, wifi yake, dada wa Tarsis, mjane anayewatunzia nyumba yao ya kijijini. "Wifi, mlete kaka yangu nyumbani. Kaka yangu siyo mzigo wa kuwekwa stoo." Mektilda alikuwa anajibu tutaona, tutaona, mpaka tutaona zikamwishia. Jumapili ya kabla ya mjadala ule wa Bunge, akakubali. Kuna ndugu anapandisha gari Moshi Jumamosi, atamlaza siti ya nyuma. Mektilda mwenyewe atabaki na duka, kwa sababu duka likifungwa na dawa zinafungwa.

Alikubali, na tangu akubali chakula kikawa hakipiti. Nesi wa kliniki aliyekiona kile kidonda alimwambia bila kumumunya maneno: safari ya saa kumi na zaidi juu ya kidonda kama hiki inaweza kummaliza. Akimpeleka, huenda akamuua njiani. Akimbakiza bila mtu wa kumuuguza inavyotakiwa, kidonda kitamla mle mle chumbani. Sasa hapo wewe ungechagua nini? Yeye aliona afadhali achague mtu mwingine, na Klara alikuwa amechagua.

Ndiyo maana alipomsikia mbunge wa pili redioni, masikio yalimsimama. Huyu wa pili hakuwaka. Alisoma taratibu kwamba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanapita kaya kwa kaya, hata mijini, wanawafuata wagonjwa walio vitandani, wanasafisha vidonda, wanafundisha ndugu, na mwenye mgonjwa ambaye hajafikiwa aende serikali ya mtaa.

"Umesikia?" Badriya alisema. "Nenda kesho. Mimi mama yangu alilala miaka minne pale chumbani, Mungu amrehemu. Ningempata mtu wa kuja hata mara moja kwa wiki, mgongo wangu usingekuwa hivi."

"Nikienda watanizungusha."

"Watakuzungusha, sasa? Mficha uchi hazai, Mama Karo. Mimi nitakuangalizia duka."

Jumanne akaenda. Mtendaji wa mtaa alikuwa mtu mpole, hilo nalisema mapema usije ukamchukia bure. Alifungua daftari, akapitisha kidole, akafunga.

"Jengo hilo kwangu hapa ni la biashara, mama. Halina kaya."

"Mimi naishi mle."

"Halina kaya."

"Nimetoka mle asubuhi hii. Nimemwacha mume wangu kalala."

"Sikatai, mama yangu. Lakini kaya haipo. Nenda kwa mjumbe akuandikie barua kwamba mpo."

Mjumbe naye alikuwa mzee wa kanzu na miwani iliyofungwa uzi, anakaa mtaa wa nyuma. Alimtazama Mektilda toka kichwani mpaka kwenye ndala. "Wewe wa vyombo. Nakujua. Birika hili nilinunua kwako. Lakini mikutano ya mtaa miaka yote hiyo sijakuona hata mmoja. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Sasa nipo, baba."

"Sasa mkutano hakuna."

Akaandika barua hata hivyo, taratibu, kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani, kwamba mtajwa hapo juu yupo. Mektilda aliisoma njiani mara mbili. Miaka thelathini na sita yupo Kariakoo, na leo ndiyo anakabidhiwa karatasi ya kwamba yupo. Hakujua acheke au afanyeje.

Barua ikampeleka zahanati, na zahanati wakamwelekeza kwa Bakili, mhudumu wa jamii, mtu wa miaka arobaini hivi kutoka Magomeni, shati lake la kazi limepauka mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nina mgonjwa."

Bakili alichukua kishikwambi chake, akauliza jina, mwaka wa kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa. Mektilda alikuja na kitambulisho cha Tarsis kwenye mfuko wa blauzi. Bakili akaandika, akangoja, akakunja uso, akatabasamu.

"Mbona huyu yupo tayari, mama? Amesajiliwa Desemba. Kiharusi, upande wa kulia. Anahudumiwa nyumbani."

"Anahudumiwa na nani?"

"Na mwenzetu wa huko. Ametembelewa mara tano. Mara ya mwisho ni wiki mbili zilizopita." Akasogeza kidole kwenye kioo. "Hali ya mgonjwa: anaendelea vizuri."

Mektilda alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Nawe jiweke pale kwenye benchi. Mtu umemgeuza mwenyewe asubuhi, umemwosha, umenusa kidonda chake, halafu unaambiwa kuna anayemtembelea na anaendelea vizuri. Kwa dakika nzima aliamini kweli kuna mtu anapanda zile ngazi yeye akiwa dukani. Akawaza mlinzi anaruhusuje. Akawaza labda ndiyo sababu Tarsis siku nyingine anaonekana amechoka. Halafu akaogopa kwamba kichwa chake mwenyewe kimeanza kumtupa.

"Huko wapi?" aliuliza. "Umesema mwenzenu wa huko. Wapi?"

"Kibosho."

Hapo ndipo Desemba ikamrudia yote, na ilimrudia na aibu yake.

Desemba Wachaga wa Kariakoo hawana mjadala, wanafunga maduka na kwenda kwao. Nyumba ya Tarsis na Mektilda kule Kibosho ina vyumba sita, vigae vyekundu, geti jeusi, maji ndani. Waliijenga kwa miaka kumi na tisa na wanailala wiki mbili kwa mwaka. Krismasi iliyopita walimpandisha Tarsis akiwa amelazwa garini, kwani kidonda kilikuwa hakijaja, na siku ya pili baada ya sikukuu akaja dada wa afya wa kijijini na kishikwambi chake. Barazani walikuwepo majirani wanakunywa mbege, na mmoja wao alikuwa ameshatupa neno, kwamba siku hizi watu wanajenga majumba halafu wagonjwa wao wanawafungia maghalani Dar. Dada wa afya akauliza mgonjwa anaishi wapi. Mektilda, ambaye bei haimbabaishi wala mgambo hamtishi, alibabaika mbele ya wanawake watano wenye vibuyu. Akasema hapa. Akasema amerudi moja kwa moja, wifi yake Klara ndiye atakayemtunza. Akataja vyumba sita. Tarehe nne Januari wakamrudisha Dar, na yale maswali akayasahau, akidhani ilikuwa hesabu ya watu tu kama zinavyokuja nyingine.

Sasa mwambie Mzaramo au Mmakonde aeleze kosa la namna hiyo, atakushangaa. Kumsajili mtu kwenye nyumba asiyolala kwa sababu ile anayolala unaionea haya! Lakini mtaani kwetu Kariakoo najua watu kumi ambao wangefanya vile vile, na wawili ni ndugu zangu.

Alimpigia Klara pale pale kwenye benchi.

"Wifi, kuna mtu wa afya anakuja hapo?"

"Anakuja, kila mwezi. Binti mzuri sana."

"Unamwambia nini?"

Klara alikohoa kidogo. "Mwezi wa kwanza nilimwambia kaka ameenda kliniki Moshi. Wa pili nikamwambia kalala, asimwamshe. Baada ya hapo akawa haulizi sana."

"Wifi Klara."

"Ningemwambiaje? Kwamba mmemrudisha kwenye stoo? Watu wangesikia. Na si Jumamosi anakuja? Basi uongo wenyewe unaisha Jumamosi."

Mektilda akakata simu, akamtazama Bakili. "Mtoe kule, umwandike hapa."

"Siwezi kumtoa mimi, mama. Mtu mmoja mfumo haumkubali kwenye kaya mbili. Ombi linatoka hapa, linapanda, linaenda kule, wanamwachia, linarudi. Wengine wiki tatu. Wengine linapotelea juu huko." Akaona uso wa Mektilda, akaongeza upesi, "Alhamisi nitakuja nimwone. Kumwona sijakatazwa."

Mektilda alitoka zahanati akapotea. Yeye, anayeijua Kariakoo gizani kwa kunusa, alijikuta Mtaa wa Mchikichi mbele ya duka la mashuka, hajui amefikaje. Muuzaji alimuuliza mara mbili anataka saizi gani.

Badriya alipohadithiwa alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akaacha. "Lakini fikiria, Mama Karo. Huduma ipo kule, jina lipo kule, kitanda kipo kule, mhudumu anapiga hodi kule. Kilichobaki huku ni mtu tu. Basi mpeleke kwenye jina lake."

Na ndilo lililomchanganya Mektilda kupita yote, kwa sababu lilikuwa na akili. Mtendaji wa mtaa, alipopelekewa barua, alisema hilo hilo. Caroline kwenye simu kutoka Mwanza, hilo hilo. Kila mtu aliona jina la Tarsis halihamishiki, lakini Tarsis mwenyewe, na kidonda chake, anahamishika kwa gari moja la Jumamosi. Mektilda alilipindua neno hilo akipanda ngazi na akishuka. Asubuhi alikuwa anaona ni sawa. Mchana alikuwa anaona wote wamerukwa na akili. Jioni alifungasha begi la Tarsis, mashati matatu, mashuka, pampasi za wakubwa pakiti mbili, halafu akalifungua akatoa kila kitu, halafu akarudisha.

Kuna kitu kingine ambacho hakumwambia hata Badriya. Alikuwa anaogopa lile ombi la Bakili la kumhamisha Tarsis. Miaka yote hiyo, ukimuuliza Mektilda au Tarsis wanaishi wapi, watakuambia kwetu Kibosho, hapa Dar tunatafuta tu. Walizeeka wanatafuta. Kuandika leo kwamba Tarsis anaishi Sikukuu kulikuwa kama kusema hatarudi tena kwenye kihamba, shamba la urithi la baba yake, akiwa na uhai. Nani ampe yeye ruhusa ya kuandika neno hilo?

Alhamisi, redio ilikuwa inamalizia. Waziri alishukuru michango, akasema wagonjwa walio wengi kati ya waliosajiliwa wanatembelewa majumbani na taarifa zao zipo. Mektilda alikuwa anafunga boksi la vikombe kwa kamba, akajua kwamba mmoja wa wagonjwa hao yupo ghorofa tatu juu ya kichwa chake na kamba ikamkwama mkononi. Spika akahoji, wanaoafiki wakasema ndiyo kwa sauti kubwa, wasioafiki sijui kama walikuwepo. Walioafiki wakashinda. Aliyeshika shilingi hakusikika tena.

"Si nilikwambia atairudisha," Badriya alisema.

Bakili alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni na mkoba wake.

Walipanda pamoja. Ngazi ya arobaini Bakili akasimama kupumua, akatazama marobota, akaendelea kupanda. Chumbani alinawa, akavaa glovu, akamsalimia Tarsis kwa jina, shikamoo mzee Tarsis, kama anavyosalimiwa mtu mzima, halafu akamgeuza ubavu na kukifungua kidonda. Alikitazama muda mrefu. Alikiosha. Mektilda alishika taa ya simu na hakugeuza uso.

"Hiki kinatibika, mama. Kinataka mtu mara mbili kwa wiki, na wewe nikufundishe siku zinazobaki. Lakini garini usimlaze. Garini hapana." Akavua glovu. "Sasa nieleze. Huyu mzee anaishi hapa?"

"Hapa tupo tu," Mektilda alisema, na mwenyewe alijisikia anavyosema. "Kwetu ni Kibosho. Jumamosi ndugu zake wanamtaka. Na jina lake lipo kule. Mimi sijui. Niandikie unavyoona."

"Mzee mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi. Tangu Septemba hasemi."

"Hasikii?"

Mektilda alimtazama mumewe. Hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Mbele ya kitanda hiki alishazungumza na Klara, na Caroline, na ndugu wa gari, siku, saa, siti ya nyuma, na mwenye safari kalala pale macho kwenye dari.

Bakili alikaa ukingoni mwa kitanda, akauchukua mkono wa kushoto wa Tarsis. "Mzee, kama unanisikia nibane." Akangoja. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Njoo ushike wewe, mama. Usije ukasema nimetunga."

Mektilda akashika. Ule mkono ulikuwa wa moto na mkavu, na kwa aibu akagundua kwamba miezi yote hii aliuosha kila siku lakini kuushika alikuwa hajaushika.

"Baba Karo. Jumamosi unataka kwenda Kibosho?"

Mkono ulilala tu.

Akadhani hajaelewa. "Kwa Klara. Kwenye nyumba yetu. Vyumba vikubwa, hewa safi, na kuna dada anakuja kukuangalia."

Mkono ulilala tu. Macho ya Tarsis yalitoka kwenye dari, yakaja kwake.

"Unataka kubaki hapa? Na joto hili, na makelele haya, na mimi nakuacha saa mbili saa mbili?"

Tarsis akabana. Alibana mpaka pete ikamuumiza Mektilda kidoleni, na hakuachia. Mektilda alilia pale pale mbele ya mgeni, kilio cha sauti, makamasi na yote, na katikati ya kilio alikuwa bado haelewi. Kwa nini hapa? Nyumba ile ameijenga yeye, kila kigae alikichagua yeye. Angetoa chochote apate mtu wa kumweleza. Lakini mtu mwenyewe hana maneno, ana mkono tu, na mkono umeshasema.

Bakili alisubiri mpaka Mektilda akamaliza. "Namwandika upya hapa. Jina litagongana na lile la Kibosho, watanipigia simu kunigombeza, nitawajibu kwamba mgonjwa nimemshika mkono. Jumatatu nitakuja, karatasi iwe imepita au haijapita."

Alipoondoka, Mektilda alibaki amekaa ukingoni, mkono bado umeshikwa, akampigia Klara kwa mkono mwingine. Kwa mara ya kwanza tangu Septemba alizungumza kwa simu huku anamtazama Tarsis usoni.

"Wifi, Jumamosi haji. Mwenyewe amekataa. Anataka kukaa hapa."

Alijiandaa kugombezwa. Alikuwa na majibu, ya kidonda, ya safari, ya mkono. Lakini upande wa pili walisikika kuku tu kwa mbali.

"Nilishamtandikia kitanda," Klara alisema mwishowe.

"Najua, wifi. Pole."

"Na yule binti wa afya, akija nimwambie nini? Kaka akitolewa kwenye daftari hatakuja tena. Alikuwa ananipima na mimi presha, wifi. Anakunywa chai. Humu ndani tangu mwondoke Januari hajaingia mtu mwingine."

Mektilda akaiona ile nyumba. Vyumba sita, vigae vyekundu, na mjane wa miaka sabini na moja anamwambia mgeni kwamba mgonjwa amelala, asimwamshe, ili mgeni akae kidogo.

"Usimwambie mgonjwa yupo," alisema. "Mwambie ukweli, wifi. Mwambie unaishi peke yako, akuandike wewe."

Klara simu hakuikata, na Mektilda naye hakuikata.